Mlango wa banda unaojifunga wenyewe: maswali yenu

Mara iliyopita nilieleza mlango wa banda la kuku niliotengeneza nyumbani: kipande cha bati zito kinachopanda na kushuka ndani ya reli mbili kwa kamba, kikivutwa na mota ya kioo cha gari. Betri ya volti 12 inaiendesha, na taima ndiyo inayotoa amri. Maswali yamekuja mengi, najibu yanayojirudia.

Shikamoo fundi. Je, mlango hautawafungia kuku nje? – Msomaji, Kibaha

Marahaba. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo mwanga ukianza kufifia anarudi mwenyewe bila kufukuzwa. Huku Pwani jua linazama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 jioni, mwaka mzima. Taima yangu inafunga saa 1 na dakika 10, ila kuanzia Mei hadi Oktoba narudisha nyuma nusu saa. Kuku wageni wafungie ndani siku nne au tano kwanza, wajue kuwa hapo ndipo kwao. Kanga usiwategemee, wanapenda kulala mtini.

Mota yangu inashusha mlango, halafu inaupandisha tena wakati amri ni kufunga. Nimekosea wapi? – Msomaji, Morogoro

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, maana wengi wanakwama hapo hapo na kuilaumu taima.

Mlango ukigusa chini, mota haijui. Inaendelea kulegeza kamba mpaka inaisha kwenye kigurudumu, kisha kamba inaanza kujizungusha upande wa pili na mlango unapanda. Wengi huweka swichi pale chini mlango unapotua. Inafanya kazi, mpaka siku kuku atakaposimama kizingitini: mlango unatua mgongoni mwake, haufiki kwenye swichi, na mota inaendelea tu.

Ihamishie swichi kwenye kamba. Tafuta swichi ndogo yenye ulimi, ile inayolia "tik", uifunge juu ili kamba ikikazwa na uzito wa mlango ibonyeze ulimi. Mlango ukitua, iwe sakafuni au juu ya kuku, kamba inalegea, ulimi unainuka, umeme unakatika. Kuku akisogea, mlango unashuka kidogo, kamba inakaza, mota inamalizia kazi. Kuku anabeba uzito wa bati peke yake, nguvu ya mota haimfikii. Nililijaribu kwanza kwa mkono wangu mwenyewe.

Swichi hiyo ikate umeme wa kushusha tu. Sambamba nayo funga dayodi ya ampea 6, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili asubuhi umeme wa kupandisha upite. Swichi ya pili, ile ya kusimamisha mlango ukifika juu, ifanye vivyo hivyo kwa upande wake, dayodi ikigeuzwa. Na fyuzi usiiache.

Kwa nini usitumie sensa ya mwanga? – Msomaji, Uingereza

Kwako wewe itumie. London jua la Desemba linazama kabla ya saa 10 jioni, la Juni linazama saa 3 usiku na dakika 20 hivi, na taima ungeirekebisha kila wiki. Huku kwetu tofauti haifiki saa nzima, na wingu zito la masika linaweza kuidanganya sensa.

Kicheche hawezi kuuinua? – Msomaji, Tanga

Anaweza, kwa sababu kamba inavuta tu, haisukumi. Anatia kucha chini ya bati na kunyanyua. Pigilia ubao kwa nje, ukingo wa chini wa mlango ushuke nyuma yake sentimita tatu hivi, akose pa kushika. Chini ya hapo acha wazi, maranda na mavi yadondoke, la sivyo yatajaa na mlango hautafika chini.

Hili nalisema kwa uchungu. Kabla ya mlango huu tulienda msibani, kila mtu akidhani mwenzake amefunga banda. Tulirudi alfajiri tukakuta kuku kumi na mmoja wamekufa, wengi hawajaliwa hata kidogo, wameumwa shingoni tu.

Umeme ukikatika? – Msomaji, Kisumu

Betri ya ampea-saa 7 na paneli ya sola ya wati 10 zinatosha, mota inafanya kazi sekunde chache tu kwa siku.

Nikisafiri siku tatu naweza kuuachia mlango kila kitu? – Msomaji, Bagamoyo

Usiuachie. Mwaka jana kenge aliingia mchana kufuata mayai, jioni mlango ukashuka kwa wakati wake na kumfungia ndani pamoja na kuku. Asubuhi nilikuta maganda matupu na kuku wote wamejibana kwenye kichanja cha juu kabisa. Mwombe jirani apitishe tochi bandani kila jioni, kabla ya saa ya kufunga.