Clutch: kushika kwa hofu ya kupokonywa

Swali lenu la wiki lilikuwa: kitenzi cha Kiingereza clutch kina maana gani hasa, na kilitoka wapi? Wengi watajibu "kushika kwa nguvu" na kufunga mjadala. Hiyo ni nusu ya jibu. Fundi akishika spana kwa nguvu zote ili afungue nati iliyoganda, Mwingereza hatumii neno hili. Atalitumia kwa mama aliyebana pochi kifuani katikati ya msongamano wa Kariakoo. Ndani ya clutch mna hofu ya kupokonywa, au ya kupoteza.

Kilianzia katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Wakati huo kilikuwa clyccan, yaani kukunja vidole, kuvifunga. Kwetu kinacholingana nacho zaidi ni kufumbata, na nasikitika kuona watafsiri wanakiacha kikae bure huku "kushika" kikibebeshwa kila mzigo. Baadaye nomino yake ikawa na maana ya makucha, ya mwewe na ya wanyama wala nyama. Mpaka leo Waingereza husema mtu yuko in the clutches of adui, nasi husema yumo makuchani mwake.

Shakespeare alikielewa vizuri. Macbeth, mhusika mkuu wa tamthilia yake yenye jina hilo, akiwa njiani kwenda kumuua mfalme, anaona jambia mbele yake, analiita lije alifumbate, na mkono unatoka mtupu.

Kuna pia methali yao ya mtu anayezama kung'ang'ania hata unyasi. Zamani waliisema kwa kitenzi catch, kudaka. Clutch kikaja kuchukua nafasi hiyo, kwa kuwa kinabeba ule mtapatapo. Sisi tuna "Mfa maji hukamata maji", na kwangu yetu inakwenda mbali zaidi: anachokikamata ndicho hicho hicho kinachomuua.

Kamusi zitawaonyesha pia clutch ya mayai, yaani mayai ya mtago mmoja. Msiiunganishe na hii. Hiyo ina ukoo mwingine, wa neno la watu wa Skandinavia lenye maana ya kuangua; zimefanana sura tu.

Gereji zetu zimechukua nomino ya mashine: klachi. Springi yake hubana diski kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, muda wote, ndipo nguvu ya injini ifike kwenye gia boksi na kwenye magurudumu. Diski ikilika, mbano unalegea, injini inanguruma mlimani na gari halipandi. Fundi atakwambia klachi inateleza. Kumbe basi jina lilichaguliwa kwa uangalifu, maana kazi ya kifaa ni kushika bila kuachia. Wanaojifunza udereva wengi hudhani kukanyaga pedali ndiko kunakoshikisha. Sivyo. Ukikanyaga, diski inaachiwa, na nguvu ya injini inakatika. Kwa tendo hilo Waingereza walilazimika kuunda kitenzi kingine, declutch, chenye kiambishi cha kutengua, kama fumba yetu inavyotenguliwa na fumbua.