Kikombe cha chai kinachojaa chenyewe

Mdogo wangu, umesema kwenye filamu yenu ya chuo mliyopiga Mwanjelwa, Mbeya, muuza ndizi na mteja wake wanaonekana wote wakitazama upande mmoja, na kikombe cha chai kinapungua kisha kujaa chenyewe. Pole, sote tulipita hapo.

Tatizo la kwanza ni mstari. Chukulia kuna kamba kutoka pua ya muuzaji hadi pua ya mteja. Kamera ibaki upande mmoja wa kamba hiyo, ndani ya nyuzi 180, yaani nusu duara. Muuzaji akitazama kulia, mteja atazame kushoto. Mkitaka kuvuka, vukeni kamera ikitembea, mtazamaji aone.

La pili ni kumbukumbu, na hapa ndipo nilipoumia mimi. Tulipiga Uyole, hukohuko Mbeya, asubuhi ya ukungu, mwigizaji anafungua mlango zipu ya sweta ikiwa shingoni. Ndani tulipiga mchana, jua kali, zipu iko kifuani. Hakuna uhariri ulioniokoa. Siku hizi kuna mtu mmoja wa daftari, hashiki kamera wala haigizi (anayeigiza hakumbuki kitu). Kila shoti ikiisha anapiga picha ya mnato: mkono upi, zipu wapi.

Kwenye simu, bonyeza kioo kwa sekunde kadhaa ufunge fokasi na mwanga, maana mawingu ya huko hayatulii. Tendo zima lirudiwe kwa kila engo, yaani kila upande kamera inapokaa, na kwenye uhariri ukate toka engo moja hadi nyingine katikati ya mwendo.

Kikombe? Chora alama ndani kwa kalamu, chupa ya chai iwe karibu, mjaze hadi hapo kila mkirudia.