Jibu: Krismasi peke yako na paka, wiki nzima utafanya nini?

Dada uliyeanzisha uzi, nimelisoma swali lako mara mbili. Umepata siku saba za likizo, mwaka huu huendi ushago, nyumbani mmebaki wewe na paka, na unahofia wiki itaishia kwenye simu na usingizi. Wengi hapo juu wamekwambia usafiri tu, nauli iwe iwavyo. Mimi jibu langu ni kudarizi: nitakusimulia yaliyonipata Desemba iliyopita hapa Kisumu, uchukue linalokufaa.

Hata mimi sikupanga kubaki. Kazini tulifunga tarehe 23 jioni, na nilipofika stendi nauli ya kwenda kwetu Butere ilikuwa imepanda maradufu, watu wanaingia matatu kupitia madirishani. Nikarudi nyumbani na begi langu, nikampigia mama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo Krismasi utakula na paka." Sisi Waluhya Krismasi bila kuku ni kama Jumatano yoyote ile, kwa hiyo maneno hayo yaliniingia.

Paka mwenyewe anaitwa Karani. Ni dume la rangi ya chungwa, na jina alijipatia mwenyewe, maana karatasi yoyote ukiiweka chini lazima aikalie kama anayesubiri kuipiga muhuri. Kitambaa nacho kwake ni karatasi.

Sasa kudarizi. Nimelelewa katika sebule ambayo kila kitu kilivaa nguo: makochi, stuli, redio, hata jagi la maji lilikuwa na kofia yake yenye shanga ukingoni. Mama alinifundisha nikiwa darasa la sita, nikaacha nilipoingia sekondari kwa kuona ni mambo ya akina mama wa kanisa. Siku hiyo ya tarehe 23, wakati nabeba begi langu kurudi ndani, nikakumbuka mkebe wa mafuta ya Kimbo uliokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na sindano, mkasi mdogo na fremu, zile duara mbili za mbao zinazobana kitambaa kikaze kama ngoma. Sijui ni kwa nini nilikuwa nimehama nao nyumba tatu.

Kesho yake asubuhi nikaenda soko la Kibuye. Usinunue kitambaa kipya kwa mara ya kwanza. Tafuta shuka la mtumba la pamba tupu, lililofuliwa hadi likalainika. Langu lilikuwa shilingi 200, nikakata vipande vinne na bado likabaki la kufunikia unga. Pamba mpya hurudi ikifuliwa, na ua lako litajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. La mtumba limesharudi kitambo. Nyuzi nilinunua mjini, duka la vifaa vya mafundi, vichane vya rangi: zambarau nzito, zambarau hafifu, njano, kijani mbili. Kabla ya kushona, loweka kipande cha uzi kwenye maji ya moto na ukikandamize kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikichuja, rudisha. Zambarau na nyekundu ndizo wasaliti wakubwa.

Nilidarizi gugumaji. Najua, mtu wa Kisumu akisikia hivyo anacheka. Hilo gugu lilitoka Amerika Kusini, likaenea ziwani kwetu miaka ya tisini hadi mitumbwi ikakwama na wavuvi wakalala njaa, na fukusi wakaletwa mahsusi wa kulitafuna. Mpaka leo upepo ukigeuka linajazana ghubani. Lakini je, umewahi kulishika ua lake mkononi? Lina petali sita za zambarau hafifu. Tano ziko wazi tu. Ile ya juu ina doa la njano katikati, na doa hilo limezungukwa na rangi nzito kama jicho la unyoya wa tausi. Nilichuma shina moja ufukoni Dunga, nikalitia kwenye glasi, nikalichora kwa penseli kabla halijanyauka. Usichelewe, maana ua likifunguka leo, kesho limejikunja.

Hapa ndipo wiki ilipojaa bila mimi kujua. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Unakata urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, basi, ukizidisha utajifunga mafundo. Kisha unachomoa uzi mmoja mmoja kwenda juu, halafu unaunganisha miwili. Ukijaribu kuchomoa miwili kwa pamoja, iliyobaki inajikusanya kama nywele za mtu aliyeamka. Kingo nilizishona kwa mshono wa nyuma, ndani ya petali nikajaza nyuzi ubavu kwa ubavu, bila kuacha upenyo wala kupandanisha. Petali moja ilinichukua karibu saa nzima. Mwanzoni nilikuwa nashona huku nimefungua simu, nikajidunga mara mbili, simu nikaifungia jikoni.

Usiku wa tarehe 24 stima ilipotea. Watoto wa ploti wakashangilia kwa sababu ambazo hawazijui hata wao, jirani wa mlango wa tatu akaendelea kusukuma chapati kwa mwanga wa tochi, na harufu ikatembea veranda nzima. Nikatoka kumshikia tochi. Nilirudi na chapati nne kwenye sahani, na Karani alikuwa amekaa juu ya fremu, analamba midomo.

Uzi niliouacha umening'inia kwenye kitambaa ulikuwa umebaki kidogo tu, ule mzito wa zambarau, na ndio ulikuwa wa mwisho. Dada, hapo moyo ulisimama. Kwanza nilitafuta sindano. Nikaipata imechomekwa pembeni ya kitambaa, pale pale nilipoiacha, nikakaa chini. Kisha nikapiga simu kwa daktari wa mifugo ambaye namba yake nilipewa zamani pale duka la dawa za mifugo. Alipokea! Mkesha wa Krismasi! Akaniambia nimlete asubuhi, na akanionya: uzi ukiuona popote, mdomoni au nyuma, usivute. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea kooni, kwa hiyo akianza kumeza uzi ni vigumu kuutema. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi au tumboni, utumbo unajikunja juu ya ule uzi, na ukivuta unakata utumbo kama waya unavyokata mche wa sabuni dukani.

Kwa hiyo asubuhi ya Krismasi, watu wakienda kanisani na nguo mpya, mimi nilikuwa kwenye tuktuk na paka ndani ya kikapu cha sokoni, kimefunikwa leso. Daktari alimfungua mdomo, akatazama chini ya ulimi, akamminya tumbo taratibu. Hakukuwa na kitu kilichonasa. Akasema nimwangalie: akitapika, akikataa chakula au akijikunja pembeni, nimrudishe mara moja, hata usiku. Karani alipofika nyumbani alikula omena sahani nzima akaniangalia kama mdai. Chapati hakupata, wala mchuzi. Kitunguu ni sumu kwa paka, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Ndiyo, kuku. Mchana huo yule jirani alinitumia mtoto na bakuli la mapaja mawili na ugali. Sikuwa nimemwambia mtu kuwa sijapika. Mtoto alisimama mlangoni na viatu vinavyomzidi namba mbili, akauliza kama anaweza kumshika paka. Alikaa hadi saa kumi. Nikampa kipande cha shuka na sindano butu, akashona mstari uliopinda toka pembe hadi pembe, akasema ni barabara ya kwenda Kakamega. Mvua ya ziwani ikaja na kishindo chake, mabati yakatuziba masikio, hatukuzungumza tena, kila mtu na kitambaa chake na paka katikati. Sijui kama nimewahi kuwa na Krismasi tulivu zaidi.

Tarehe 26 nikaona kamba ya zambarau inaning'inia nyuma ya Karani. Mkono ulinyooka wenyewe. Nikaurudisha, nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri. Nilimfuata paka nyumba nzima kama askari wa soko anayemfuata mchuuzi. Ilipofika alasiri alikwenda kwenye karai lake la mchanga, akamaliza shughuli, akafukia, akaondoka bila kuangalia nyuma. Nilipiga kelele hadi jirani akaja mbio.

Tangu siku hiyo nyuzi zote zinalala ndani ya mkebe na kifuniko kimebanwa, hata nikienda kutazama sufuria tu. Hilo, dada, lifanye kabla hujanunua hata sindano. Na uchague kitambaa kidogo, cha stuli si cha meza. Wapo watakaokwambia uanze na kitu kikubwa upate moyo. Mimi naona kitambaa cha meza ni njia ya uhakika ya kukichukia kitambaa ifikapo siku ya tatu.

Ua langu nililimaliza tarehe 29. Petali moja tu ilinisumbua. Uzi mzito ulikuwa umeliwa, maduka yamefungwa, nikajaza kwa ile hafifu. Nilipokuja kununua kichane kingine Januari hakikufanana.

Nilimpelekea mama wikendi iliyofuata. Hakutazama ua. Aligeuza kitambaa kwanza akakagua mgongo, mafundo na mikia ya nyuzi, kama wanavyofanya wote wa rika lake. Kisha akageuza mbele, akapitisha kidole juu ya petali moja moja, akasimama kwenye ile ya sita.

"Hapa uzi uliisha?"

"Uliliwa, mama."

Akanitazama, akaelekea jikoni ambako kuku alikuwa tayari amefungwa miguu.