Miaka 52 na uzamivu: anza na msimamizi, si ada

Kaka, umeuliza kama kuanza shahada ya uzamivu (PhD) ukiwa na miaka 52, na kazi ya kutwa bandarini, ni kujitafutia presha. Mimi nilianza na 49, mtoto yuko kidato cha nne. Umri haukunisumbua hata siku moja. Kilichonitesa ni msimamizi wa utafiti: wa kwanza alikaa na andiko langu miezi saba, likarudi na wino mwekundu ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Katikati peupe kama lilivyotoka steshenari!

Kwa hiyo kabla hujalipia hata fomu, mtafute msimamizi, soma alichoandika karibuni, kisha waulize wanafunzi wake kimyakimya huwa anajibu baada ya muda gani. Halafu angalia njia. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna uzamivu wa tasnifu tupu, yaani utafiti na kuandika bila darasa, na kuna ule unaoanza na masomo ya darasani. Tasnifu tupu inamfaa mtu wa kazi, ila hakuna wa kukusukuma. Chuo Kikuu Huria nacho usikidharau, kimeundwa kwa ajili ya watu wa kusomea mbali.

Muda? Mimi naandika saa kumi alfajiri hadi kumi na moja na nusu, ndipo nikimbilie basi la mwendokasi Kimara. Jioni, baada ya foleni, kichwa hakishiki kitu.

Mada ichukue hapohapo kazini. Unayoyajua kuhusu makontena, kijana wa miaka 27 atahitaji mwaka mzima kuyauliza.