Mgombea akikataa matokeo, mimi huuliza fomu ziko wapi

Ndugu uliyeuliza kama mgombea akikataa matokeo ya urais ni lazima moto uwake, na kama duka lako ulifunge mapema: mimi nina duka hapahapa Mombasa tangu kabla ya 2007, na nimekaa wakala wa chama kituoni mara mbili, 2013 na 2022. Chama chenyewe sikitaji, maana posho yangu ya mara ya kwanza hadi leo sijaiona.

"Hatukubali" ya siku ya kwanza isikutie homa. Aliyeshindwa akikubali usiku uleule, kesho yake wabunge wake wako mlangoni kwa mshindi wanapiga hodi. Akikataa, anapata wiki moja ya kukusanya karatasi zake na kuwashika watu wake. Wiki yenyewe imo kwenye Katiba ya 2010: siku 7 za kupeleka kesi Mahakama ya Juu, kisha majaji wana siku 14 za kuamua. Basi siku hizo mimi sisikilizi hotuba. Naangalia kama mawakala wake wana Fomu 34A, ile karatasi ya matokeo ya urais ya kila kituo, mkononi, na kama mlango wa mahakama anauamini.

2007 Raila Odinga, aliyegombea dhidi ya Rais Kibaki, mlango huo hakuuamini. Watu walikumbuka kesi ya Kibaki dhidi ya Moi baada ya uchaguzi wa 1997, iliyotupwa kwa sababu Moi hakukabidhiwa karatasi za kesi yeye mwenyewe mkononi. Utamkabidhi vipi rais mkononi na askari wote wale? Kwa hiyo Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alipomtangaza Kibaki tarehe 30 Desemba, na jioni ileile akaapishwa Ikulu, upande wa Raila ulisema wazi kortini hauendi. Jirani yangu wa ukuta mmoja alipakia godoro na jiko kwenye mkokoteni, akaniachia ufunguo wa nyumba. Nilikaa nao miezi miwili. Ghasia ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, hadi mpatanishi Kofi Annan akawaketisha Kibaki na Raila na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Tume ya Kriegler ilipokuja kuchunguza, ikasema haiwezekani kujua nani alishinda kweli.

Sasa nikupeleke kituoni kwangu, kwenye darasa la shule, 2022. Kituo kilifungwa saa kumi na moja jioni, tukaanza na kura za urais. Msimamizi anainua karatasi, anaizungusha mawakala wote tuione, anataja jina, karani anachora vijiti vitano vitano. Kila alipotajwa Wajackoyah, mgombea aliyeahidi kuhalalisha bangi, watu walicheka, hata askari wa mlangoni. Saa nne za usiku macho yanawaka, mate yamekauka, na hapo ndipo uwakala wenyewe unapoanza: wenzangu wawili walitaka kuondoka kabla ya kutia saini. Nikawaambia wakiondoka wamekwenda na ushahidi wa mgombea wao. Tukasaini, nikapewa nakala yangu, nyingine ikabandikwa mlangoni. Kabla hatujafika kwetu, picha ya fomu ilikuwa kwenye tovuti ya tume pamoja na za vituo vingine vilivyokwisha kutuma; vituo vyote vilikuwa 46,229.

Niliifungua kwenye simu nikalinganisha na karatasi yangu, tarakimu kwa tarakimu. Sawasawa. Na mgombea wangu ndiye aliyeshindwa.

Tarehe 15 Agosti Chebukati, mwenyekiti wa tume, alimtangaza Ruto kwa asilimia 50.49, Raila 48.85. Kule Bomas, ukumbi wa kutangazia matokeo, viti vilirushwa, na makamishna wanne wa tume wakajitenga na matokeo. Hapo ungesema 2007 imerudi. Barazani kwetu nilitoa karatasi yangu nikasema, jamani, ya kwangu haikuguswa. Niliambiwa nimenunuliwa. Mzee wa kahawa alimimina vikombe vya wote, changu akakiruka. Wiki nzima! Haya ndiyo wasiyoyasema wachambuzi wa redio: mgombea akitaka kukubali, kinachomzuia mara nyingi ni baraza lake mwenyewe.

Raila alikwenda kortini tarehe 22. Tarehe 5 Septemba majaji wote, chini ya Jaji Mkuu Koome, walikataa kesi. Akasema anaheshimu uamuzi ingawa hakubaliani nao hata kidogo, na mitaa ikabaki kimya. Usidhani ndiyo mwisho wa habari. Machi 2023 watu walikuwa barabarani na sufuria kichwani, bei ya unga na sava, yaani kompyuta za matokeo, za tume zote katika wimbo mmoja. Julai 2024 watu wake wakateuliwa kwenye baraza la mawaziri la huyohuyo Ruto.

2017 nayo ilikuwa hivyohivyo kwa mzunguko mrefu zaidi. Jaji Mkuu wa wakati huo, Maraga, na wenzake watatu, dhidi ya wawili, walifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Raila akajitoa katika marudio ya 26 Oktoba. Januari 2018 akajiapisha Uhuru Park, bustani ya Nairobi. Tarehe 9 Machi 2018 akapeana mkono na Rais Uhuru Kenyatta nje ya Harambee House, ofisi ya rais. Ukiniuliza, kule Uhuru Park alikuwa anabisha hodi, ila kwa ngumi. Waliokufa katikati ya hodi hizo hawakualikwa kwenye chai.

Kuhusu duka lako: siku za kuogopa ni mbili, ya kutangazwa na ya hukumu. Mimi 2022 nilifunga tarehe 15 alasiri, nikawapandisha watoto ghorofani kwa shangazi yao, nikafungua tarehe 17 asubuhi. Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa kahawa, anataka sukari robo. Nilimpimia. Hasara yangu yote ilikuwa pakiti kumi za maziwa zilizoganda, stima ilikatika usiku wa tarehe 16.