Waarabu wa kaskazini mwa Afghanistan

Kwa aliyeuliza jinsi mtu wa Kunduz anavyoweza kujiita Mwarabu ilhali nyumbani huzungumza Kidari, yaani Kiajemi cha Afghanistan: huko ukoo hufuatwa kwa baba, wala lugha si kigezo. Wengi husimulia kwamba wazee wao walifika na majeshi ya Kiislamu katika karne ya 7 na ya 8, ingawa kwa maoni yangu masimulizi hayo hufunika uhamaji wa baadaye, kwa kuwa baadhi ya koo hizo za wafugaji wa kondoo ziliishi Bukhara, katika Uzbekistan ya leo, kabla ya kuvuka mto Amu Darya na kuingia Afghanistan, nyingine zikiukimbia utawala wa Kisovieti katika miaka ya 1920. Kiarabu chenyewe kimebaki katika vijiji vichache vya mikoa ya Balkh na Jowzjan. Masharifu, wanaojinasibisha na Mtume, wasichanganywe nao.