Maswali ya Wasomaji: Benki na Mwalimu Wangu Wanapingana Kuhusu Krediti

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea uhasibu, mwaka wa kwanza. Tumefundishwa kwamba fedha zikiingia katika biashara, akaunti ya fedha hudebitiwa, yaani kiasi huandikwa upande wake wa kushoto. Hata hivyo, kila ninapoweka fedha benki, taarifa ya akaunti yangu huonyesha krediti, yaani upande wa kulia, na ninapotoa huonyesha debiti. Ni nani anayekosea? Aidha, kwa nini neno hilo hilo la krediti hutumika kwa mkopo, ilhali mkopo ni deni?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna anayekosea. Taarifa unayopewa ni nakala ya akaunti yako kama ilivyo katika vitabu vya benki, wala si katika vitabu vyako. Unapoweka 1,000, benki hupata fedha taslimu, ambazo ni mali yake, na kwa hiyo hudebiti akaunti yake ya fedha kama mwalimu wako alivyofundisha. Papo hapo hubeba deni, kwa sababu utakapozidai fedha hizo italazimika kukurudishia, na deni hilo huandikwa upande wa krediti katika akaunti yenye jina lako. Katika vitabu vyako mambo hugeuka: benki ndiyo unayoidai, kwa hiyo unaidebiti.

Kuhusu mkopo, asili ya neno krediti ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuamini. Anayekupa bidhaa leo akasubiri malipo amekuamini, na katika vitabu vyako yeye ndiye anayekreditiwa, kwa kuwa unadaiwa naye. Utaratibu huu wa kuandika kila muamala pande mbili, debiti na krediti, ulitumiwa na wafanyabiashara wa Venice kabla ya Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati, kuueleza katika kitabu kilichochapwa mjini humo mwaka 1494. Hata mtaji huwekwa upande wa krediti, kwa maana biashara huhesabiwa kuwa inadaiwa na mwenyewe aliyeuweka. Na mapato nayo hukreditiwa kwa kuwa yanaongeza haki ya mwenye biashara, yaani kile anachoidai biashara yake. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, nami nakusihi usipapite haraka.

Ningependa pia uachane kabisa na kanuni ya mkato isemayo kwamba krediti ni kuongezeka na debiti ni kupungua, kwa kuwa inaharibu uelewa wa watu wengi. Krediti huongeza madeni, mtaji na mapato, lakini hupunguza mali na gharama. Mteja akirudisha bidhaa alizochukua kwa mkopo, muuzaji humpa hati ya krediti na kukrediti akaunti ya mteja huyo katika vitabu vyake. Kwa kuwa mteja huyo alikuwa miongoni mwa wadaiwa, ambao ni mali ya muuzaji, kiasi anachodaiwa hupungua.

Salio la simu nalo linafuata mantiki hiyo hiyo, ila safari hii wewe ndiye uliyeiamini kampuni, kwa vile umelipa kabla ya kuhudumiwa. Hadi utakapolitumia, ni deni katika vitabu vyake.

Kwa kadi ya mkopo, kumbuka kwamba salio linaloonyeshwa kwa kawaida ni kiasi unachodaiwa. Ukirudishiwa 200 za bidhaa uliyoikataa, taarifa itaonyesha krediti ya 200, yaani deni lako limepungua kwa kiasi hicho, wala haimaanishi kwamba umekopeshwa 200 zaidi.